Nyumba imepigwa mnada, benki bado inadai milioni 5.8

Swali: "Mwaka 2014 nilichukua mkopo wa shilingi milioni 8.5 nikanunua maisonette mtaa wa South C, Nairobi. Biashara ilianguka 2020 nikashindwa kulipa. Wakati huo nilikuwa nimebakisha kama milioni 6.8. Mwaka jana benki iliipiga nyumba mnada kwa milioni 11, na nyumba za majirani zinauzwa milioni 16. Nilidhani yameisha. Sasa wakili wa benki ameniandikia kwamba deni lilikuwa limefika 15,900,000, wakaongeza reti za kaunti (kodi ya ardhi) 210,000 na gharama za mnada na mawakili 690,000, kwa hiyo nimebakisha 5,800,000 nilipe ndani ya siku 14 ama nishtakiwe. Ndugu yangu alinidhamini, na mke wangu alitia sahihi kukubali nyumba iwekwe rehani. Nina shamba dogo Murang'a. Rafiki mmoja ananiambia nyumba ikishauzwa deni limekufa. Mwingine anasema nitafungwa. Ukweli ni upi?"

Pole kwa kupoteza nyumba, na pole kwa barua iliyokuja wakati ulidhani mambo yameisha. Nianze na lile linalokunyima usingizi: marafiki zako wote wawili wamekosea. Deni halikufa siku ya mnada, na hakuna atakayekufunga kwa sababu ya barua ya wakili. Lakini hiyo 5,800,000 ni hesabu ya benki peke yake. Hakuna mahakama iliyoipima bado. Kwa takwimu ulizonipa, naona sababu mbili nzito za kuipinga: moja iko kwenye riba, nyingine iko kwenye bei ya mnada.

Kwanza uelewe kwa nini deni linabaki. Ulipochukua mkopo ulitoa ahadi mbili, hata kama siku hiyo zilionekana rundo moja la karatasi. Katika barua ya mkopo uliahidi wewe mwenyewe kurudisha pesa na riba. Katika hati ya rehani uliipa benki haki ya kuuza nyumba ukishindwa. Mnada umemaliza hiyo ya pili tu. Pesa za mnada zisipotosha, ahadi ya kwanza bado iko hai, na kifungu cha 91 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinairuhusu benki kumshtaki mkopaji aliyejifunga mwenyewe kulipa.

Wazo la kwamba nyumba ikiuzwa deni linakwisha huja mara nyingi kutoka kwenye video za Marekani. Katika jimbo la California, kwa mfano, benki iliyouza nyumba bila kupitia mahakamani kwa kawaida hairuhusiwi kumfuata mkopaji kwa kilichobaki. Kenya haina sheria ya namna hiyo. Anayeweza kusema hapa "chukueni ardhi, mimi sidaiwi zaidi" ni mtu aliyeweka shamba lake rehani kwa mkopo wa mwingine bila kuahidi popote kwamba atalipa mwenyewe. Wewe ulikuwa mkopaji, kwa hiyo haikuhusu.

Kuna ukuta mmoja lakini ambao benki haiwezi kuuruka. Nyumba iliuzwa bila hukumu kwa sababu hati ya rehani ilitoa ruhusa hiyo. Kwa salio, benki haina rehani tena; imekuwa mdai kama mdai mwingine yeyote. Ikitaka shamba lako, gari lako au sehemu ya mshahara wako, lazima ifungue kesi, ithibitishe kiasi inachodai, ipate hukumu, ndipo iombe kuitekeleza. Yapo mambo mawili ya kuangalia hapa. Ukiwa na akaunti nyingine katika benki hiyohiyo, mkataba wako karibu hakika unairuhusu kukata pesa humo bila kwenda mahakamani. Si kosa kuhamishia mshahara benki nyingine. Na ukisikia benki "imelifuta deni vitabuni", hiyo ni lugha ya wahasibu wao. Haimaanishi umesamehewa.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo pesa zako zilipo.

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaweka kikomo cha kile ambacho benki inaweza kudai kwa mkopo usiolipika. Mawakili hukiita in duplum. Benki inaruhusiwa kudai deni la msingi lililokuwepo siku mkopo ulipohesabiwa kuwa haulipiki, riba isiyozidi kiasi hichohicho cha msingi, na gharama za kufuatilia deni. Basi. Kwa taratibu za Benki Kuu, mkopo huingia kundi hilo malipo yakichelewa kupita siku 90.

Kama msingi ulikuwa 6,800,000 siku hiyo ya 2020, riba iliyoongezwa tangu hapo haiwezi kupita 6,800,000 nyingine. Jumla ya juu kabisa ni 13,600,000. Barua inasema 15,900,000. Hapo kuna 2,300,000 ambazo benki itabidi ieleze zimetoka wapi. Tukikubali kwa sasa kwamba reti na gharama ni za kweli, tunapata 13,600,000 kujumlisha 900,000, yaani 14,500,000. Toa milioni 11 za mnada. Salio ni 3,500,000, na bado hatujagusa bei ya nyumba.

Usiichukue 3,500,000 hiyo kama neno la mwisho. Inategemea kama 6,800,000 yako ni sahihi, na wewe mwenyewe umesema "kama". Huenda benki itasema riba ya miezi ile mitatu ya kwanza ilishaingia kwenye msingi, na ikawa milioni 7 na kitu. Kwa upande mwingine, kama uliendelea kulipa kidogokidogo baada ya hapo, kila shilingi lazima ionekane imepunguzwa. Ndiyo maana unahitaji stetimenti kamili ya akaunti kuanzia siku mkopo ulipotolewa 2014. Ule ukurasa mmoja wa muhtasari ambao mawakili hupenda kuambatisha hautoshi.

Ukiipata, kaa nayo jioni mbili tatu na kalamu nyekundu. Angalia kiwango cha riba kila kilipobadilika, na uulize ni barua gani ilikujulisha. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 sheria ilikataza riba ya mkopo kupita asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Kama miezi hiyo ulitozwa zaidi, msingi wenyewe umevimba. Angalia faini ya kuchelewa: je, imeandikwa kwenye barua yako ya mkopo, na kwa asilimia hiyohiyo? Isipokuwepo kwenye mkataba, waulize wameitoa wapi. Tafuta malipo ya bima yaliyokatwa baada ya wewe kushindwa kulipa, na usome hiyo bima inalipia nini, kwa sababu mikopo mingine ya nyumba huwa na bima ya ugonjwa au kupoteza kazi ambayo hakuna aliyewahi kuidai.

Halafu fuata pesa za mnada zenyewe. Kwa masharti ya kawaida ya minada ya benki, mnunuzi hulipa asilimia 25 nyundo inapogonga na salio ndani ya siku 90. Kwa nyumba yako hiyo ni 2,750,000 siku ya kwanza na 8,250,000 baadaye. Zote mbili zionekane kwenye akaunti yako, kila moja kwa tarehe iliyoingia, ili riba isiendelee kuhesabiwa juu ya pesa ambazo benki tayari inazo. Uliza pia kama kulikuwa na mnada wa awali ambao mnunuzi alishindwa kukamilisha akapoteza amana yake. Dai amana hiyo ihesabiwe kwako. Watu wengi hawajui hata kuuliza.

Reti za kaunti hulipwa mwanzo kabisa kutoka kwenye pesa za mnada, kwa mpangilio wa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi, kisha gharama za mnada, ndipo deni. Kwa hiyo si ajabu kuziona kwenye orodha. Lakini ziwe na risiti ya Kaunti ya Nairobi. Zile 690,000 nazo zigawanywe: dalali alilipwa ngapi, mkadiriaji thamani ngapi, mawakili ngapi, matangazo ya gazeti ngapi. Ada za dalali na za wakili zina viwango vyake kisheria, na mahakama inaweza kuombwa izikadirie upya zikionekana zimepita kiasi.

Tuje kwenye bei. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinaibebesha benki wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana wakati wa kuuza. Wajibu huo ni kwako, na pia kwa ndugu yako aliyekudhamini. Kabla ya kuuza, benki lazima ipate ripoti ya mkadiriaji inayoonyesha thamani ya mauzo ya lazima, yaani bei inayotarajiwa mtu akilazimika kuuza kwa haraka. Kanuni za Madalali za 1997 zinataka bei ya chini ya mnada itokane na ukadiriaji usiozidi miezi 12 kabla ya siku ya kuuza. Hivyo kitu cha kwanza kutazama kwenye ripoti ni tarehe. Ripoti ya miaka miwili nyuma iliyotumika kupanga bei ya mnada ni dosari inayoonekana kwa macho.

Kifungu hichohicho kinasema kwamba bei ikiwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, itachukuliwa kwamba benki imevunja wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Tukitumia milioni 16 zako, robo ni milioni 4, kwa hiyo mstari uko kwenye milioni 12. Nyumba iliuzwa milioni 11. Bei iko chini ya mstari huo, na benki ndiyo itakayolazimika kujieleza.

Ila usikimbilie kushangilia. Milioni 16 umezipata wapi? Kama ni tangazo la nyumba inayotafuta mnunuzi, hiyo ni bei ya matumaini. Mahakama inataka bei ambazo nyumba za aina hiyo, mtaa huo, kipindi hicho, ziliuzwa kweli. Benki italeta ripoti yake, na huenda inasema soko lilikuwa milioni 13.5. Robo yake ni 3,375,000, na mstari unashuka hadi 10,125,000. Kwa hesabu hiyo milioni 11 imepita salama, na wewe ndiye utakayebaki na mzigo wa kuonyesha kwamba benki ilizembea: ilitangaza vibaya, ilikataa mnunuzi wa bei nzuri uliyempeleka, au iliuza kwa mtu wa karibu. Benki nayo inaweza kujitetea kwamba iliita mnada mara mbili tatu bila mnunuzi, au kwamba waliokuwa ndani walikataa kufungua geti wateja waone.

Kwa hiyo vita vya bei huwa kati ya ripoti mbili. Tafuta mkadiriaji aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wakadiriaji, na umwombe ripoti ya thamani ya nyumba ile kama ilivyokuwa siku ya mnada. Ya leo haitakusaidia. Mpe picha za zamani za ndani, ramani ya nyumba, na risiti za ukarabati, maana hataweza kuingia. Fanya hivi kabla hujaamua kupigana au kupatana, kwa sababu ripoti hiyo ndiyo itakayokuambia una kesi ya aina gani.

Na ukishinda hoja ya bei, unapata nini? Sheria inakuruhusu kuomba mauzo yatangazwe batili, lakini nisikupe matumaini ya kurudi South C. Kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na nyumba ikishahamishwa kwa jina lake, njia iliyobaki kwa kawaida ni fidia kutoka kwa benki. Fidia hiyo unaiomba ndani ya kesi hiyohiyo kama dai la kupinga, na inakatwa kwenye salio. Mahakama ikiona nyumba ingestahili kuuzwa milioni 13, tofauti ya milioni 2 inatoka kwenye 3,500,000 unabaki na 1,500,000. Barua ilianza na 5,800,000.

Kagua pia notisi, kwa haraka. Ulistahili ya siku 90 ya kukutaka urekebishe malipo, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha ya dalali ya siku 45, na mnada usifanyike kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Ile ya siku 40 ilipaswa kufika pia kwa mke wako kama alitoa idhini, na kwa mdhamini. Mojawapo ikikosekana, ongeza kwenye hoja zako za fidia.

Kuhusu mke wako, soma alichotia sahihi. Idhini ya mwenzi wa ndoa kuruhusu nyumba ya familia iwekwe rehani haimfanyi kuwa mdaiwa. Kama jina lake halipo kama mkopaji mwenza wala mdhamini, salio halimhusu, na barua yoyote inayomdai ijibiwe hivyo kwa maandishi.

Ndugu yako yuko mahali pabaya zaidi, na nakuomba umpigie simu leo kama hujampigia. Mdhamini anaweza kushtakiwa pamoja nawe au peke yake. Tafuteni hati ya udhamini muone kikomo: nyingine zinataja kiasi, kwa mfano milioni 3, nyingine hazina mwisho. Akilipa yeye, ana haki ya kukudai wewe. Hatari kubwa ni yeye kuitwa ofisini peke yake akatia sahihi mpango wa malipo kwa hofu, huku wewe ukipinga hesabu ileile mlango wa pili. Jibuni kwa sauti moja.

Shamba la Murang'a kwa kawaida haliwezi kuguswa kabla ya hukumu. Baada ya hukumu, kama hati iko kwa jina lako, benki inaweza kuomba lizuiwe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi na hatimaye liuzwe kwa amri ya mahakama. Kama bado liko kwa jina la baba na urithi haujagawanywa, si mali yako ya kuuzwa leo. Tafadhali usilihamishie kwa mtoto au shemeji sasa. Uhamisho wa namna hiyo unaweza kubatilishwa, na unaipa benki ushahidi inaoutafuta katika jambo linalofuata.

Jambo hilo ni jela. Kifungo cha madai kipo katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, lakini kiko mwisho kabisa wa njia. Lazima kuwe na hukumu, kisha uitwe ueleze kwa nini usifungwe, na mahakama iridhike kwamba una uwezo na unakataa kulipa, au umeficha mali, au unataka kutoroka. Mtu asiye na kitu, anayefika mahakamani na kuonyesha mapato na matumizi yake, hafungwi kwa umaskini. Wanaojikuta na hati ya kukamatwa mara nyingi ni wale waliopata wito huo wakauweka droo. Vitu vya lazima vya nyumbani kama nguo, vyombo vya kupikia na vitanda, pamoja na vifaa vya kazi vya fundi, haviruhusiwi kushikwa. Na kwa mshahara, Sheria ya Ajira inazuia makato yote pamoja yasipite theluthi mbili.

Basi, ndani ya siku 14 ufanye nini? Jibu barua. Kunyamaza hakuzuii kesi. Unaweza kuandika mwenyewe, kwa maneno kama haya:

"Nimepokea barua yenu. Sikubali kiasi mnachodai. Naomba mnipe stetimenti kamili ya akaunti tangu mkopo ulipotolewa. Tarehe mkopo ulipohesabiwa kuwa haulipiki na msingi wa siku hiyo. Ripoti ya ukadiriaji iliyotumika. Hati ya mauzo ya mnada. Matangazo ya gazeti. Nakala za notisi zote na uthibitisho wa kuzifikisha. Na risiti za kila gharama. Naomba pia mwonyeshe jinsi hesabu yenu inavyotimiza kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki na kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi. Barua hii si kukiri deni lolote, na haki zangu zote zimehifadhiwa."

Ipeleke kwa mkono, nakala moja igongwe muhuri urudi nayo, na uitume kwa barua pepe pia. Wakikataa kukupa karatasi, Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mwingine akizihitaji kulinda haki yake. Itaje kwenye barua ya pili.

Ile sentensi ya kutokiri deni usiisahau. Sheria ya muda wa kufungua kesi inatoa miaka 6 kwa deni la mkataba wa kawaida na 12 kwa deni lililolindwa na rehani ya ardhi, na mawakili hubishana ni ipi inayohesabika nyumba ikishauzwa. Ila ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, au ukilipa hata elfu tano "kuonyesha nia njema", saa inaanza upya, tena umeshakubali hesabu ambayo hujaikagua. Kwako, kwa mnada wa mwaka jana, muda haujaisha kwa vyovyote. Linalokuhusu ni kutokubali kiasi kabla ya kukijua.

Karatasi zikifika na ukajua mahali unaposimama, mazungumzo mara nyingi ni bora kuliko kesi, na nasema hivi hata kwa mtu mwenye hoja nzuri kama wewe. Kesi katika mahakama za Milimani, Nairobi, inaweza kuchukua miaka, na anayeshindwa kwa kawaida hubeba gharama za mwenzake. Benki nayo inajua kwamba deni lisilo na rehani ni gumu kukusanya, na kwamba ripoti ya bei inaweza kuitia aibu. Ukiwa na hesabu ya 3,500,000 na ripoti mkononi, ofa ya kulipa sehemu yake kwa mkupuo, au kwa awamu bila riba mpya, inasikilizwa. Usitaje awamu usiyoiweza ili tu simu zikome. Ukivunja makubaliano, benki hurudi kwenye kiasi cha mwanzo.

Makubaliano yawe barua ya benki yenyewe kabla hujalipa senti, yakisema kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, kwamba ndugu yako ameachiliwa kwenye udhamini, kwamba hakuna kesi itakayofunguliwa, na kwamba taarifa zako kwenye CRB, kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, zitasahihishwa. Elewa kwamba rekodi mbaya haifutiki siku ukilipa. Inabaki miaka 5 tangu kumaliza deni, ila itaonyesha umelipa. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka, itumie kuhakiki. Wakikutuma kwa kampuni ya kukusanya madeni, omba barua ya benki inayoipa mamlaka, na ulipe kwenye akaunti ya benki tu, kamwe si kwenye M-Pesa ya mtu.

Hukumu ikitoka na huna mkupuo, Amri ya 21 kanuni ya 12 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai inairuhusu mahakama kukubali ulipe kwa awamu ukitoa sababu za kutosha. Na kama una wadai wengine kadhaa na huoni mwisho, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina njia ya makubaliano ya hiari na wadai wote kwa pamoja chini ya msimamizi aliyeidhinishwa, kabla ya kufikia kutangazwa mufilisi. Hilo la mwisho ni zito, ingawa mufilisi kwa kawaida huachiliwa baada ya miaka 3 tangu awasilishe maelezo ya mali yake. Usilianze bila ushauri wa ana kwa ana.

Wakili unamhitaji lini? Kwa barua hii ya kwanza unaweza kujisimamia. Ukipokea samansi, yaani wito wa mahakama, mtafute siku hiyohiyo. Samansi inataja siku za kujitokeza, kwa kawaida 15, na utetezi unafuata ndani ya siku 14 baada ya hapo. Dai la kiasi maalum lisilojibiwa hupewa hukumu bila kusikilizwa, na ndivyo 5,800,000 isiyokaguliwa inavyogeuka kuwa deni halali la mahakama. Hukumu hiyo inaweza kuombwa iondolewe, lakini kwa gharama na bila uhakika. Tena kikomo cha kifungu cha 44A hakizuii riba ambayo mahakama inaiamuru baada ya hukumu. Mwone wakili pia kabla ya kutia sahihi makubaliano yoyote ya kumaliza kesi, na ndugu yako akishtakiwa peke yake.

Hakikisha jina la wakili huyo kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, kwamba ana leseni ya mwaka huu, na mwafikiane ada kwa maandishi. Nenda na barua ya mkopo, hati ya rehani, hati ya udhamini, notisi zote pamoja na bahasha zake zenye tarehe za posta, stetimenti uliyoichora kwa kalamu nyekundu, na ripoti ya mkadiriaji wako. Kama huna uwezo wa kumlipa, ulizia Kituo Cha Sheria hapa Nairobi au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na ufike mapema kabla siku za samansi hazijaanza kuyoyoma.